Je, Kunakili Humlaza Mungu Usingizi?

Elimo Njau alizaliwa mwaka 1932 upande wa Kilimanjaro, na kituo chake cha sanaa cha Paa ya Paa kilianzishwa Nairobi mwaka 1965. Ana kauli moja ambayo watu huikumbuka hata kuliko michoro yake: usinakili, maana kunakili humlaza Mungu usingizi. Wengi huichukua kama onyo la mwalimu kwa mwanafunzi mvivu, kumbe ni tamko la dini. Mungu ni muumba, mtu ameumbwa kwa mfano wake, kwa hiyo mtu naye anaitwa kuumba. Anayerudia kazi ya mwingine amekataa wito huo, na kile cha Mungu kilichomo ndani yake kinasinzia. Njau aliishi alivyosema. Kufikia mwaka 1959 alikuwa amechora kuta za kanisa la Waanglikana huko Murang'a kwa matukio matano ya maisha ya Kristo, tangu kuzaliwa hadi msalabani, na Kristo wake ni Mwafrika aliyezungukwa na vilima vya Wakikuyu. Sasa tumweke mbele ya kauli hiyo kijana wa Kibabi, katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, inayopakana na Walikale, anayetaka kujifunza kuchora sura ya mtu kwa rangi ya mafuta. Hana chuo cha sanaa karibu, wala mwalimu. Alicho nacho ni picha ya mchoro wa kale wa Maria ndani ya simu, na hamu ya kuunakili mpaka aelewe ulivyotengenezwa. Je, anatenda dhambi dhidi ya kipaji chake? Nasema hapana, na nasema zaidi: kosa ambalo Njau aliliogopa humpata yule anayenakili nusu tu na kuachia njiani.

Mfano utatusaidia kuliko maneno ya jumla. Karibu na miaka ya 1435 hadi 1440, Rogier van der Weyden wa Brussels alichora kwenye ubao wa mwaloni Luka mtakatifu akichora sura ya Bikira. Mchoro huo leo uko katika jumba la makumbusho la Boston, na kimo chake hakifiki mita moja na nusu. Maria ameketi chini, si juu ya kiti cha enzi, ananyonyesha. Luka, mwenye joho jekundu, yuko mbele yake kama mtu aliyetaka kupiga magoti akasita, ameshika kalamu ya fedha na kipande kidogo cha karatasi. Nyuma yao watu wawili wametupa mgongo, wanautazama mto unaopita katikati ya mji. Mapokeo ya Kikristo yanamwita Luka mchoraji wa kwanza wa Maria, ndiyo maana vyama vya wachoraji vya Ulaya vilimchukua kuwa msimamizi wao. Wataalamu wengi wanaamini uso wa Luka ni uso wa Rogier mwenyewe. Na mpangilio wote, yaani watu wawili mbele, uwazi katikati, mto na wale watazamaji wawili, Rogier aliutoa kwa Jan van Eyck, katika mchoro wake wa Maria na Kansela Rolin ulioko Louvre. Huyu tunayemwita bwana mkubwa alikuwa ananakili. Lakini alifika mahali ambapo mfano wake ulimwachia nafasi, na hapo akajiweka mwenyewe.

Mchoro huo una ndugu zake: nakala za kale zinazofanana nao sana ziko Munich, St Petersburg na Bruges. Kwa muda mrefu wajuzi walibishana ipi ni ya asili. Jibu lilipatikana chini ya rangi. Miale isiyoonekana kwa macho ilipopitishwa, ubao wa Boston ulionyesha michoro ya awali iliyosahihishwa hapa na pale: mchoraji alianza hivi, akaghairi, akasogeza. Nakala hazina mahangaiko hayo. Mistari yake ya chini inafuata moja kwa moja kile ambacho tayari kilikuwa kimekubaliwa juu. Sioni ushahidi mzuri zaidi wa jambo ambalo Njau alilihisi. Fundi aliyetengeneza nakala ya Munich alikuwa na mkono hodari, pengine hodari sawa na wa Rogier katika kupaka, ila hakulazimika kuamua chochote. Usingizi uko hapo. Basi mwanafunzi wa Kibabi afanye nini? Ainakili kazi pamoja na kusita kwake. Kabla ya kugusa rangi ajiulize kwa nini kichwa cha Luka kimeinama kiasi kile na si zaidi, kwa nini mkono wenye kalamu umeinuliwa juu ya karatasi bila kuigusa, kisha ajaribu kuuchora umegusa aone kinachopotea. Hiyo nayo ni kunakili, ila ni kunakili fikra.

Hapa ufundi wenyewe una sauti, na unastahili kusikilizwa kwa karibu. Wachoraji wengi wa mijini Kongo, wale wa Lubumbashi waliochora Colonie belge (koloni la Ubelgiji) na Mamba Muntu (nguva) kwa ajili ya sebule za watu, walitumia rangi za dukani na kitambaa cha magunia ya unga. Rangi ya namna hiyo inakauka upesi na kusema neno lake mara moja. Rangi ya mafuta haina haraka. Mafundi wa Flandria walipaka ubao chokaa laini iliyochanganywa na gundi, wakaulainisha mpaka ukawa mweupe na kung'aa, wakachora, kisha wakaweka rangi iliyosagwa ndani ya mafuta ya mbegu za kitani, tabaka juu ya tabaka, nyingine nyembamba kiasi cha kupitisha nuru. Mwanga unaingia, unagonga weupe wa chini, unarudi machoni ukiwa umepita katikati ya rangi. Ndiyo sababu mashavu ya Maria yanaonekana kuwa na damu ndani yake. Kila tabaka lingoje la chini lishike, na la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo mchoro utapasuka. Haya huwezi kuyajua kwa kutazama tu. Mkono lazima uyapitie. Na huwezi kuyaona vizuri kwenye simu, ambayo hukupa rangi ya kioo chake na kukuficha unene wote. (Tantali iliyo ndani ya simu hiyo huenda ilichimbwa kwenye vilima vya jirani, vya Rubaya, hivyo picha ya Rogier inarudi Masisi ikiwa imebebwa na jiwe la Masisi, jambo ambalo halimpunguzii mwanafunzi gharama ya bando.) Kwa hiyo anayenakili kutoka kwenye simu analazimika kukisia tabaka asizoziona, na kukisia huko kunamfundisha kuliko picha kamili ambayo ingempa kila kitu.

Pingamizi la kwanza ni la historia, na lina uzito. Kuchukua mchoro wa Flandria, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji, na kuuweka mbele ya kijana wa Kivu ni kurudia somo la wamisionari: uzuri ni wa huko, utakatifu una ngozi ya huko, wewe fuata. Shule ya sanaa ambayo Bruda Marc Wallenda aliianzisha Gombe-Matadi mwaka 1943, na ambayo baadaye ilihamia Léopoldville na kuwa Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, iliitwa kwa jina la huyuhuyu Mtakatifu Luka. Nalikubali nusu ya pingamizi hilo. Lakini tuitazame njia iliyo kinyume chake. Mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa, alifungua karakana yake ya Le Hangar huko Élisabethville (Lubumbashi ya leo) na kuwazuia vijana wasione kazi za Ulaya, ili wabaki na kile alichokiona kuwa roho ya Kiafrika isiyochafuliwa. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, na kazi zao ni nzuri kweli. Ndege na samaki wa Pilipili bado wanapendwa. Ila nani aliyeamua ni nini Mwafrika anaruhusiwa kutazama? Marufuku ya kunakili nayo ilitolewa na mkoloni, tena kwa upendo, na upendo wa namna hiyo ni mgumu kuuvunja kuliko ukali. Kumwambia mtu wa Kibabi kwamba rangi ya mafuta na nuru ya tabaka si urithi wake ni kumfungia mlango kwa ufunguo uleule wa zamani. Rogier hakumuuliza mtu kama mafuta ya kitani ni ya kabila lake.

Isitoshe, dhana kwamba anayeumba haigi haitoki katika nchi hizi. Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa Mwindo, ambao ulimwengu ulikuja kuusoma baada ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene kuuchapisha mwaka 1969. Msimulizi wake alikuwa Candi Rureke, ambaye mwaka 1956 aliusimulia, akauimba na kuucheza kwa siku 12. Watu kama yeye hujifunza kwa kumfuata bwana mzee, kumwitikia, kumpigia vijiti, kurudia alichosema mpaka kikae mwilini. Huko ndiko kunakili kwenyewe. Na bado matoleo ya Mwindo yaliyoandikwa kutoka kwa wasimulizi mbalimbali hayafanani: kuna shujaa mwenye majivuno, kuna mwingine mpole, matukio yanapishana, mwisho unatofautiana. Tena msimulizi wa Kinyanga haendi mbele ya watu kwa kujionyesha tu. Anaaminiwa kuwa ametakiwa na Karisi, pepo wa utenzi huo, na kumkatalia ni hatari. Kwa hiyo mila ya Walikale imejua kitu ambacho kauli ya Njau inakiruka: kuna kurudia ambako kunaitwa na roho na kunamweka mtu macho. Njau angejibu kwamba msimulizi hanakili, bali anaendeleza. Sawa. Lakini hakuna aliyewahi kuendeleza kabla ya kurudia, na mtu hawezi kuona kwa nje siku ile ambapo kurudia kumegeuka.

Historia ya michoro mitakatifu ina mfano wa karibu na sisi. Mwaka 1569 Papa Pius V aliwaruhusu Wajesuiti kunakili mchoro wa Maria unaoheshimiwa sana katika kanisa la Santa Maria Maggiore, Roma, ambao mapokeo yanasema ulichorwa na Luka mwenyewe. Nakala zilisafiri na wamisionari mpaka Ethiopia. Katika miaka ya 1630 mfalme Fasilides aliwafukuza Wajesuiti, ila mchoro ukabaki na ukawa Maria wa Waethiopia. Wachoraji wa makanisa yao walishika mambo ambayo mtu angedhani ni madogo: mikono iliyopishana, vidole viwili vilivyonyooka, kitambaa mkononi. Macho wakayafanya makubwa kwa desturi yao, na pembeni wakamweka Mikaeli na Gabrieli wakiwa na panga zao. Hakuna anayemtazama Maria huyo leo akasema ni Mroma. Waliomfukuza mwalimu walikuwa wamekwisha kulichukua somo.

Na ndani ya Flandria yenyewe jambo hilo lilitokea kwa namna inayotugusa zaidi. Rogier alichora Mamajusi wakimsujudia Mtoto katika mchoro wa altare wa Columba, ulioko Munich. Wafalme wote watatu ni weupe. Hans Memling, ambaye huenda alifanya kazi katika karakana ya Rogier, aliushika mpangilio ule na kuurudia. Katika mchoro wake wa mwaka 1479 uliobaki Bruges, katika hospitali ya zamani ya Mtakatifu Yohane, mfalme kijana ni mtu mweusi. Ngozi ile haikuwa kwenye mfano wake, ilimbidi aitafute. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kibabi atakapogundua kwamba nakala imemfikisha ukingoni. Njia ya Rogier ya kupaka ngozi, weupe wa chini ukichungulia kupitia tabaka nyembamba, ilitengenezwa kwa mashavu ya Brussels. Akiichukua na kuongeza tu nyeusi ili ifae shavu la Masisi, atapata mkaa. Ngozi nyeusi haipokei nuru kwa namna ile. Kwenye paji la uso na kwenye mfupa wa shavu inarudisha rangi ya mbingu, na mbingu ya Masisi mara nyingi ina mawingu, kwa hiyo mng'ao ule utakuwa wa kijivu chenye samawati. Kivulini, chini ya taya na kando ya pua, kuna wekundu na udongo wa joto. Aanzie basi na kahawia yenye wekundu chini, nuru aiweke juu kwa rangi baridi na nzito, kivuli akiache chembamba chenye kuonyesha ndani. Kanuni ya Rogier imebaki, kwamba nuru ipite na irudi, lakini kila hatua imebadilika. Mwanafunzi ambaye hakuwahi kunakili asingejua kuna kanuni ya kugeuzwa, na ambaye angeishia kwenye nakala angewapa watu wote wa kanisa lake uso wa mgonjwa.

Wapo watakaosema mjadala wote huu ni batili tangu mwanzo, kwa sababu Amri inakataza sanamu, na Masisi si Wakatoliki peke yao. Kwa anayeshika hivyo sina la kumshawishi, wala si kazi ya makala haya. Kwa wanaokubali michoro, Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787 ulishaamua kwamba heshima inayopewa mchoro inakwenda kwa yule aliyechorwa. Ninachoongeza ni kwamba anayenakili ana kinga ambayo mwabudu wa kawaida hana. Aliyehesabu matabaka ya uso wa Maria na kuukosea mara kadhaa hawezi tena kuudhani ni Maria. Anajua ni ubao.

Pingamizi la vita ni zito kuliko hayo. Rubaya ilichukuliwa na waasi wa M23 mwaka 2024, Goma mwanzoni mwa 2025, na watu wa Masisi wamekimbia na kurudi na kukimbia tena kwa miaka zaidi ya 30. Rangi ya mafuta inataka mahali pakavu na miezi ya kungoja. Je, si anasa, hata tusi, kuzungumzia tabaka za kitani mahali ambapo mtu hajui kama Jumapili atakuwa nyumbani? Siwezi kulipuuza, na sidhani mchoro unalisha mtu. Lakini tukisema sanaa ya subira ni ya watu wa amani tu, tumewakabidhi wenye bunduki haki ya kuamua nani ana muda. Huko Walikale, msimulizi hakuahirisha Mwindo mpaka dunia itulie. Ubao mdogo wa kimo cha daftari hubebeka hata ukiwa mbichi, ukifunikwa na kifuniko kisichogusa uso wake. Kwa anayehama hama ningemshauri ubao kuliko turubai kubwa, na sehemu moja ya mchoro kuliko mchoro mzima.

Swali linalonisumbua kweli ni jingine, na halikuwa mbele ya Njau alipochora Murang'a. Tukishasema kijana wa Kibabi aipite nakala na ampe Maria uso wa nyumbani, ni uso wa nani? Masisi na Walikale wanaishi Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, Watembo na wengine, na tangu mauaji ya soko la Ntoto mnamo Machi 1993 sura ya mtu, urefu wa pua yake, jina lake, vimekuwa mambo ya kufa na kupona. Maria mwenye pua fulani juu ya altare atasomwa kabla ya sala kuanza. Kwa hiyo kuna hoja, na si ya kipumbavu, kwamba Maria wa plasta mwenye macho ya samawati amefanya kazi ya amani bila kukusudia: kwa kuwa si wa mtu yeyote pale, kila mtu anaweza kumpigia magoti bila kumpigia magoti jirani. Anayedai Kristo wa Kiafrika kwa jumla anasahau kwamba bara halina uso. Wana nyuso watu, na watu wana majirani.

Nadhani Rogier ana jibu la sehemu, kwa atakayemnakili kwa makini. Maria wake si sura ya mwanamke fulani wa Brussels. Ni aina, kope zimeshushwa, uso umelainishwa mpaka haumsemi mtu mmoja. Nguvu yote ya kuchora mtu halisi, mikunjo ya jicho, uchovu wa mdomo, aliiweka kwa Luka, yaani kwa anayetazama. Mwanafunzi anaweza kufanya vivyo hivyo: uso wa Maria aubakize katika utulivu ule wa aina, kwa ngozi ya nchi bila alama ya ukoo, na mashahidi awachore watu halisi, kila mmoja na sura yake: mzee anayejulikana, mama muuza maharagwe, mtoto mwenye kovu. Wale wawili waliotupa mgongo wanaoutazama mto anaweza kuwaacha hivyo, kwa sababu mgongo hausomwi kabila, na mbele yao aweke bonde la Masisi mahali pa mji wa Flandria. Wapo watakaolalamika kwamba hata mashahidi watahesabiwa, wangapi wa upande huu na wangapi wa ule. Watahesabiwa, ndiyo. Ila shahidi anaweza kuongezwa kwenye mchoro unaofuata, na paroko na kamati yake wana haki ya kukaa na mchoraji waamue nani aingie kabla rangi haijakauka. Nakala yenyewe ya Rogier, ile ya mazoezi, isipelekwe kanisani kabisa. Ibaki nyumbani kwa mchoraji, aitazame anapokwama na mkono.